Siku Moja Mbovu Haijakwambia Kitu

Asanteni, asanteni, kaeni jamani. Aliyenialika aliniomba nije niwape moyo wafanyabiashara wadogo, nikamwambia ntakuja ila moyo siwapi, kwasababu moyo wa kupewa ukumbini unaishia pale mlangoni, mtu anatoka hapa kifua mbele, kesho saa nne asubuhi hajaingia mteja hata mmoja na anarudi pale pale alipokuwa, tena safari hii na hasira juu kwamba hata hizi hotuba zenyewe hazisaidii. Kwahiyo leo tutaongea mahesabu. Msinune, nivumilieni kidogo.

Nimekaa sana na watu wenye biashara ndogo, mafundi cherehani, wenye saluni, mafundi simu, wapiga picha, wachapishaji wa kadi na mabango, na nilichokiona ni kwamba kinachowaua morali mara nyingi sio hasara. Mtu akijua amepata hasara, akajua ya kiasi gani na imetokea wapi, anaumia siku mbili tatu alafu anaamka anapambana. Anayekufa moyo ni yule asiyejua. Anauza kila siku, anachoka kila siku, ukimuuliza vipi unapata au unakosa anakujibu "tunasukuma tu hivyo hivyo". Hiyo tunasukuma tu ndo ugonjwa wenyewe, na haitibiwi na mtu kama mimi kusimama hapa nikawaambia jiamini.

Tuanze na siku mbovu, maana kila mtu humu anazo. Chukua biashara inayopata wateja 9 kwa siku kwa wastani. Wastani sio kwamba kila siku wanakuja 9, hilo mdomoni tunalijua wote ila moyoni hatulijui. Kama wateja wako wanakuja kila mmoja kwa wakati wake, hawajapangana, basi hesabu za bahati zinasema kupishana kwa kawaida ni kipeuo cha pili cha ule wastani, kipeuo cha pili cha 9 ni 3, yaani siku ya wateja 6 na siku ya wateja 12 ni biashara ile ile, huduma ile ile, bei ile ile, hakuna kilichobadilika. Na hata hapo ni kama siku 3 tu katika kila 4 ndo zitaangukia kati ya 6 na 12, ile ya nne inatoka nje kabisa, inakuwa 4 au 14, bila sababu yoyote ya kutafuta. Na hapo sijaweka mvua, sijaweka mwisho wa mwezi, sijaweka ada za shule, hivyo vyote vinazidisha kupishana.

Sasa angalia anachofanya mwenye biashara akipata wateja 4. Anaanza kutafuta mchawi. Labda yule wa jirani aliyefungua juzi. Labda bei. Labda kijana wa kazi kanuna sana leo. Labda rangi ya ukuta. Jioni hiyo hiyo anashusha bei, anamfokea kijana, anaandika bango jipya la ofa, anaenda kulala akiwa amechoka kwa kazi ambayo haikuwepo. Kesho yake wanakuja 11 na anajiambia ofa imefanya kazi. Ofa haijafanya kitu ndugu yangu, wangekuja tu hao, ila sasa unawauzia kwa bei ya chini na umefundishwa somo la uongo.

Wiki ina utulivu zaidi. Ukiwa na wateja 9 kwa siku kwa siku 6, wiki ni 54, kipeuo cha pili cha 54 ni 7 na kitu. Kwa siku unapishana theluthi nzima ya wastani wako, kwa wiki unapishana kama sehemu moja ya saba tu. Biashara ni ile ile, umeisogeza mbali kidogo na macho na ghafla imetulia.

Na kwanini hii inahusu moyo? Mwaka 1979 wanasaikolojia wawili, Daniel Kahneman na Amos Tversky, walichapisha kazi kuhusu jinsi watu wanavyopima kupata na kupoteza, na hoja yao kubwa mojawapo ni kwamba kupoteza kunauma kuliko kupata kiasi kile kile kunavyofurahisha. Baadae, mwaka 1992, wakaweka kipimo, wakakuta maumivu ni kama mara 2 na robo ya furaha. Sasa chukua hicho kipimo kama kilivyo ukipeleke dukani. Umepata wiki yenye siku 4 nzuri na siku 2 mbovu, za ukubwa ule ule. Daftari linasema umeshinda, 4 kwa 2. Moyo unasema 4 toa 4 na nusu. Yaani umeshinda wiki na umelala umeshindwa, na mtu anayelala ameshindwa wiki baada ya wiki kwenye biashara inayokua, huyo ipo siku ataamka atafunga.

Kuna jamaa wawili wengine, Shlomo Benartzi na Richard Thaler, mwaka 1995 waliandika kuhusu wawekezaji wa hisa, wakaonyesha kwamba kadri mtu anavyoangalia hisa zake mara nyingi ndivyo anavyoziona za hatari zaidi, maana ukiangalia kila dakika unakutana na kushuka kwingi, ukiangalia kwa mwaka kwingi kumeshajifuta kwenyewe. Wao walikuwa wanaongelea masoko ya hisa. Mimi nikisoma vile naona mtu kakaa nyuma ya kaunta anahesabu droo saa tano, saa saba, saa tisa, saa kumi na moja. Ni kama mtu anayepanda mizani kila akinywa maji.

Kwahiyo kitu cha kwanza ninachowaomba, na kama mtasahau mengine yote msisahau hiki, siku iandike usiihukumu. Jioni andika kilichoingia, andika kilichotoka, funga daftari, nenda nyumbani. Kuhukumu ni kazi ya mwisho wa wiki, na kubadilisha kitu kikubwa, bei, eneo, mfanyakazi, ni kazi ya mwezi au zaidi. Na ukilinganisha, linganisha na kitu kinachofanana nacho. Wenye biashara za msimu hapa mnanielewa, mwezi wa kiangazi wa mauzo huwezi kuulinganisha na mwezi wa sikukuu alafu ukasema biashara inakufa, ulinganishe na mwezi ule ule wa mwaka jana, na kama mwaka jana hukuandika basi anza leo ili mwakani uwe na cha kulinganisha.

Haya, sasa kuna lile lingine ambalo naona ndo linavunja watu vibaya zaidi. Umeuza sana na mfukoni hamna kitu. Wangapi humu? Naona vichwa tu vinatikisika. Hii inauma kuliko kutouza, kwasababu usipouza unajua tatizo, hukuuza, lakini ukiuza mpaka mgongo unauma alafu kodi ya pango ikifika unaanza kupiga simu za kukopa, hapo ndo mtu anaanza kujiuliza kama ana laana au vipi.

Huna laana. Faida na pesa taslimu ni vitu viwili tofauti na vinaweza kwenda njia tofauti kabisa. Fundi cherehani kapata oda kubwa ya sare, anashangilia, ni haki yake. Vitambaa ananunua leo kwa keshi. Wasaidizi anawalipa kila Jumamosi. Mteja wake, maana ni taasisi, analipa baada ya siku 60. Kwenye karatasi huyu fundi ana faida nzuri tu, lakini kwa miezi miwili yeye ndo anamkopesha mteja mkubwa kuliko yeye, na asiyeelewa hilo atadhani biashara yake inamla. Na akipata oda nyingine kama hiyo katikati hapo hali inakuwa mbaya zaidi, sio nafuu, kukua kwenyewe kunakula pesa, kila oda mpya inataka vitambaa vipya kabla ya oda ya zamani kulipwa. Biashara nyingi tu zenye faida zimefungwa hivi hivi, mwenyewe akiwa na oda mkononi.

Dawa yake haihitaji digrii. Dai kianzio, nusu au zaidi, na mteja anayekasirika ukimwambia kianzio kakuonyesha mapema atakavyokuwa siku ya kulipa, mshukuru. Alafu kila mwisho wa wiki andika vitu vitatu kwenye ukurasa mmoja: nilichonacho mkononi, ninachodai watu, ninachodaiwa. Na mzigo ulioko stoo usiusahau, ile nayo ni pesa, imelala tu. Utaratibu wa kuandika kila kitu kilipotoka na kilipoenda sio wa kisasa wala wa wasomi, wafanyabiashara wa Venice walikuwa nao, na mtawa mmoja mwanahisabati anaitwa Luca Pacioli akauchapisha kwenye kitabu mwaka 1494, zaidi ya miaka 500 sasa, na wale hawakuwa na simu za kupigia hesabu.

Nimeona mtu amekaa kwenye huo ukurasa kwa mara ya kwanza akanyamaza muda mrefu, nikadhani kaona balaa. Alikuwa anadai watu pesa ya karibu miezi miwili ya mauzo yake. Miezi yote ile alikuwa anaamini hana kipaji cha biashara, kumbe hana kipaji cha kudai. Sura yake ilibadilika pale pale, na deni lilikuwa halijalipwa hata kidogo, pesa haijaongezeka, kilichoongezeka ni kujua tu.

Na jilipeni mshahara jamani. Hata mdogo. Uwe na kiasi kinachojulikana, na siku inayojulikana, na ukishajilipa droo usiiguse tena. Mkono unaoingia kwenye droo kila siku kidogo kidogo unafanya mambo mawili kwa wakati mmoja, unakula mtaji na unakunyima raha ya kulipwa, kwasababu hela ya vijisehemu vijisehemu haionekani, mwisho wa mwezi umechukua nyingi kuliko mshahara ambao ungejipangia na bado unajisikia unafanya kazi bure. Anayejisikia anafanya kazi bure hawezi kuwa na morali, hata ungemuimbia.

Sasa nataka niongelee siku nzuri. Tumezoea kuogopa kushuka, mimi kwa kweli naogopa zaidi kupanda. Kushuka kunakufanya uwe mwangalifu, unabana, unauliza, unaandika. Kupanda kunakulewesha. Mwezi umekubali, mauzo yamepita yote uliyowahi kuona, na hapo ndipo watu wanachukua fremu ya pili, wanaajiri, wanakopa, wanaagiza mzigo mara tatu, wanamwambia kila mtu. Francis Galton aliliona hili kwa mambo ya urefu wa watu huko Uingereza, mwaka 1886 alionyesha kwamba wazazi warefu kupita kiasi kwa wastani wanapata watoto warefu lakini wasiofikia urefu wao, matokeo yaliyopitiliza huwa yanafuatiwa na yaliyo karibu zaidi na kawaida. Mwezi wako bora kuliko yote una uwezekano mkubwa wa kufuatiwa na mwezi wa chini yake, sio kwasababu umelegea, ni kwasababu ulikuwa bora kuliko yote, sehemu yake ilikuwa kazi yako na sehemu ilikuwa bahati, na bahati haina mkataba na wewe.

Lakini mtu aliyejifunga gharama za mwezi bora akikutana na mwezi wa kawaida anauona kama janga. Ule mwezi wa kawaida ungekuwa wa amani kabisa kama asingeongeza kodi na mishahara. Ameutengeneza mwenyewe huo msiba. Kwahiyo biashara ikipanda, mimi ushauri wangu unaboa, weka pembeni akiba ya kulipa gharama ambazo haziepukiki, pango, mishahara, umeme, marejesho, ukianzia na ya mwezi mmoja ukafika mitatu wewe ni mfalme, alafu usubiri uone kama huo ulikuwa mwezi au ni kiwango kipya. Ukijirudia mara kadhaa, haya, panuka. Mwenye akiba ya miezi mitatu ana usingizi ambao hakuna mhamasishaji anaweza kumuuzia, na wengi wao bei zao mnazijua.

Na hapo hapo kwa wahamasishaji, mtanisamehe, najua leo na mimi nimevaa koti lao. Tunapenda sana hadithi za waliofika. James Dyson wa Uingereza, yule wa mashine za kufyonza vumbi, alitengeneza mifano ya majaribio 5,127 mpaka mashine yake ikakubali, na ni kweli kabisa, na tunaambiwa basi na wewe usikate tamaa. Sawa. Ila ukisoma vizuri unakuta miaka yote ile mkewe alikuwa anafundisha sanaa na mshahara wake unasaidia kuiendesha nyumba, na madeni juu. Ile sehemu ya nani alikuwa analipa bili haisimuliwi kwenye mikutano. Ukilijua hilo swali linabadilika, unaacha kujiuliza mbona mimi sina moyo kama wa Dyson, unajiuliza nani au nini kitanibeba miezi ambayo biashara haiwezi kunibeba, kazi ya nusu siku, mwenza, akiba, shamba, chochote. Kuwa na kazi nyingine pembeni sio kukosa imani na biashara yako, na watu wanaowacheka wenye kazi mbili mara nyingi hawajawahi kulipa pango.

Alafu hadithi za walioshindwa baada ya mifano 5,127 hatuzisikii, hao hawaalikwi popote. Takwimu za ofisi ya takwimu za kazi ya Marekani, ambazo zinafuatilia biashara mpya mwaka hadi mwaka, zinaonyesha kama biashara 1 katika kila 5 inafungwa ndani ya mwaka wa kwanza, na ikifika mwaka wa tano zilizobaki ni kama nusu. Sisemi hivi kuwatisha. Nasema kwasababu mtu akifunga biashara anajiona yeye peke yake kwenye dunia nzima ndo hakuweza, wakati ni nusu ya darasa. Na kufunga na kufeli ni vitu viwili, mtafiti mmoja wa huko huko Marekani, Brian Headd, mwaka 2003 alionyesha kwamba kama theluthi ya biashara zilizofungwa wenyewe walisema zilikuwa zinaenda vizuri wakati wanazifunga. Mtu kauza, kapata kazi nzuri zaidi, kahama, kazeeka, kachoka tu kwa amani.

Hii inanipeleka kwenye swali ambalo naamini ndilo linalochosha kuliko kazi yenyewe. Niendelee au niache? Kuna watu wanajiuliza hili kila siku. Wakiamka, wakifungua, wakifunga, kitandani. Fikiria una mfanyakazi na kila asubuhi unamwambia labda leo ntakufukuza, atafanya kazi gani huyo? Ndivyo unavyojifanyia. Swali ni halali, tatizo ni kuliuliza kila siku na tena kuliuliza siku mbovu, saa ya usiku, ukiwa umechoka.

Liwekee tarehe. Kaa chini siku ambayo umetulia, biashara haiko juu sana wala chini sana, uandike mpaka wako, kwa mfano, nikikosa kulipa pango kutoka kwenye mauzo kwa miezi 3 mfululizo, au nikigusa ile pesa ya ada ya watoto, nasimama. Kila mtu na mpaka wake, nakutajieni tu mfano. Mwonyeshe mtu mmoja unayemwamini. Alafu mpaka huo usipofikiwa, swali limefungwa, huruhusiwi kulijadili Jumanne usiku. Na ukifikiwa, unasimama kweli, hapa ndo pagumu, maana pesa uliyokwisha kuizamisha inakuvuta. Watafiti Hal Arkes na Catherine Blumer walilipima hilo mwaka 1985, watu wanaendelea na jambo baya kwa sababu tu wameshalilipia. Wenye biashara tunaiita uvumilivu. Wakati mwingine ni uvumilivu kweli, wakati mwingine ni kuona aibu tu, na tofauti yake huwezi kuiona ukiwa ndani ya shimo, ndomana mpaka unaandikwa ukiwa nje.

Nani kaniuliza kule mbele kabla hatujaanza, kuhusu siku ambazo hutaki hata kufungua? Ndiyo, wewe kaka. Siku hizo zipo na zitaendelea kuwepo. Teresa Amabile na Steven Kramer walikusanya shajara za kila siku za wafanyakazi 238, karibu maandishi 12,000 ya siku moja moja, wakatafuta kitu gani kinatenganisha siku ambazo mtu ana morali na siku ambazo hana. Sifa, bonasi, hotuba za bosi, hivyo vyote havikuongoza. Kilichoongoza ni kusogea mbele kwenye kazi yenye maana, hata hatua ndogo. Na kinyume chake, kurudi nyuma kidogo kuliwaangusha kuliko hatua ndogo ilivyowainua, mnaona tunarudi kule kule kwa Kahneman. Wale walikuwa waajiriwa, sio wenye biashara, lakini mimi naona kwa mwenye biashara inakaa vizuri zaidi, kwasababu mauzo hayako mikononi mwako kabisa ila kazi iko. Huwezi kuamua leo waje wateja 12. Unaweza kuamua leo nawapigia wateja watano wa zamani, leo namaliza oda ya yule mama, leo napanga stoo nijue nina nini. Siku ya wateja wawili ambayo umewapigia watano sio siku tupu. Iandike. Kwenye lile daftari, chini ya mauzo, weka mstari mmoja wa kilichosogea leo. Ni kitu kidogo mpaka kinachekesha, na siku mbovu zikifuatana utarudi kuusoma huo mstari kabla ya kitu kingine chochote.

Na hiyo kazi ya kuwapigia ipangie saa na mahali, usiiachie hamu. "Nikishafungua na kufagia, napiga simu tano kabla sijagusa mtandao." Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia, kazi yake kubwa ni juu ya mipango ya namna hii, likitokea hili nafanya lile, inasaidia watu kufanya walichokusudia kuliko nia peke yake. Ukisubiri hamu ndo upige simu, hamu inakuja baada ya simu ya tatu ambayo hukuipiga.

Mtandao nimeugusa, niumalizie. Statasi za wenzako ni siku zao 4 nzuri bila zile 2 mbovu, na wewe unazilinganisha na wiki yako nzima. Siwaambii mtoke, wengi mnauza humo humo. Ingieni kuuza, mkishauza mtoke. Tafuteni watu wawili watatu wa biashara inayofanana na yenu, wa mtaa mwingine ikibidi ili msigombanie wateja, mkutane hata mara moja kwa mwezi muonyeshane daftari. Daftari halisi. Mwenye biashara ndogo ni mpweke kuliko anavyokubali, hana bosi wa kumlalamikia, mfanyakazi hawezi kumwambia hofu zake, nyumbani anaficha ili wasiogope, na mkopeshaji ndo kabisa. Kikao kimoja cha mtu kukwambia "hata mimi Februari yote ilikuwa hivyo" kinafanya kazi ambayo mimi hapa siwezi kuifanya.

Lakini hili nalisema taratibu, kuna kuchoka na kuna kuumwa. Kama huzuni au kutotaka kitu chochote, hata vile ulivyokuwa unavipenda nje ya biashara, imekukalia karibu siku nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, usingizi umekimbia, hamu ya kula imekata, hiyo sio morali ya biashara tena, hicho ndicho kipimo hata Shirika la Afya Duniani linachotumia kuelezea sonona, nenda ukaonane na daktari. Na kama unawaza kujidhuru usisubiri wiki mbili, mwambie mtu leo. Biashara itakusubiri, na isiposubiri basi.

Na wale ambao biashara yenu ilikuwa ndo starehe yenu zamani, wapiga picha, wasusi, wachoraji, nyie mna taabu yenu ya pekee. Edward Deci mwaka 1971 alifanya jaribio na wanafunzi waliokuwa wanacheza mafumbo ya kupanga vipande, walipolipwa kwa kucheza alafu malipo yakaondolewa, hamu yao ya kucheza bure ikashuka. Ukishaanza kulipwa kwa ulichokipenda, mwezi usipolipwa unadhani umeacha kukipenda. Bakizeni kipande kimoja cha kazi ambacho hakiuzwi. Picha zako mwenyewe, mchoro wako, nywele za mdogo wako. Mteja asikiguse.

Naona muongozaji ananionyesha saa. Yale madaftari matupu pale mlangoni ni ya bure, kila mtu achukue moja, ukurasa wa kwanza nimeomba yachapwe zile safu tatu, mkononi, nadai, nadaiwa, na nyuma kuna nafasi ya kuandika mpaka wako. Msiandike leo mkiwa na msisimko wa ukumbini, andikeni wiki ijayo mkiwa mmeshanisahau. Sasa maswali, mpeni maiki yule dada wa mwisho kabisa, amenyoosha mkono tangu nilipotaja kianzio.